Picha za Wanyama: Kutoka Bahari ya Barafu Mpaka Lualaba Yetu

Wamama wa Kasongo mjini na wa Kabambare, na ninyi mnaokaa kwenye vijiji vya kando ya mto: Juma hili nawaletea habari za safari mbili. Ya kwanza ni ya mbali sana, mimi sijaifanya na pengine sitaifanya. Ya pili ni ya hapa kwetu, kwenye Lualaba, na hiyo nimeifanya mwenyewe kwa pikipiki na kwa mtumbwi. Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili ni safari za kupiga picha za wanyama, na kwa sababu kuna neno ndani yake linalogusa sahani ya watoto wetu.

Tuanze na ile ya mbali. Kusini kabisa ya dunia kuna nchi inayoitwa Antaktika. Karibu yote imefunikwa na barafu. Hakuna wenyeji, hakuna soko. Kuna watu wa sayansi wanaokuja na kurudi, na kuna wanyama. Wageni wengi wanaotaka kuiona wanapanda meli katika mji wa Ushuaia, kule mwisho wa nchi ya Argentina, na kuvuka bahari yenye mawimbi makali karibu siku mbili. Wanalipa maelfu ya dola. Hawaendi kununua kitu wala kuuza kitu. Wanaenda kupiga picha, kisha wanarudi kwao.

Wanaojua kazi hiyo wanachagua meli ndogo. Sababu ni kanuni. Mwaka 1959 mataifa 12 yalitia sahihi mapatano ya kuilinda nchi ile isiwe mahali pa vita. Kisha kanuni nyingine zikafuata za kulinda wanyama na mazingira. Leo meli za wageni hazishushi watu zaidi ya 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Meli ikibeba abiria zaidi ya 500, hakuna hata mmoja wao anayekanyaga nchi kavu. Kwa hiyo meli ndogo ndiyo inayowashusha watu wake mara nyingi, kwa mitumbwi ya mpira yenye moteri. Mbele ya kushuka, kila mtu anasafisha viatu vyake kwa dawa ili asipeleke mbegu wala ugonjwa. Na akifika, anakaa mita 5 mbali na pengwini. Pengwini mwenyewe akimkaribia, ni mtu anayerudi nyuma.

Pengwini ni ndege asiyeruka, anayeogelea kama samaki. Wako wa namna nyingi, lakini yule mkubwa kuliko wote ana habari ambayo wamama wataipenda. Mama anataga yai moja tu, katikati ya baridi kali, halafu anampa baba na kwenda baharini kutafuta chakula. Baba analiweka yai juu ya miguu yake, analifunika kwa ngozi ya tumbo, na kusimama hivyo zaidi ya siku 60 bila kula kitu. Wababa wote wanasongana pamoja ili wapate joto, na wanapokezana: waliokuwa nje wanaingia katikati, waliokuwa katikati wanatoka nje. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, wasichana walicheka sana na wavulana wakanyamaza.

Kaskazini ya dunia kuna barafu nyingine, na huko yuko dubu mweupe. Mama dubu anazaa mara nyingi watoto wawili, na anakaa nao zaidi ya miaka miwili akiwafundisha kuwinda. Katika visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya serikali ya Norway, sheria iliyoanza mwezi wa kwanza 2025 inakataza mtu au meli kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa sita ni mita 500. Ni miezi ambayo mama anatembea na watoto wadogo kutafuta chakula. Akikimbizwa na watu wa kamera, anapoteza nguvu, na watoto wanapungukiwa na maziwa.

Sasa tuje kwetu.

Likizo kubwa iliyopita nilishuka mtoni. Kama mnavyojua, mji wetu hauko juu ya maji. Mpaka Lualaba ni mwendo wa pikipiki, na katika kiangazi vumbi linakupaka kama unga. Nia yangu ilikuwa ndogo. Vitabu vya darasa langu vina picha ya dubu mweupe, ya simba na ya kangaruu. Picha ya mnyama wa Maniema haimo. Siku moja niliwaambia watoto wa mwaka wa tano waandike majina ya wanyama wa pori wanaowajua. Waliandika vizuri, wengine majina 20. Nikawauliza nani amemwona mnyama huyo akiwa hai. Mikono ilikuwa michache. Lakini karibu kila mtoto aliweza kuniambia bei yake sokoni, akiwa mbichi na akiwa amekaushwa kwa moshi. Ndiyo sababu nilitaka picha za wanyama wanaopumua, zilizopigwa hapa hapa, hata kwa telefoni.

Safari ilikuwa ya kuteremka, kutoka upande wetu mpaka Nyangwe na kuendelea Kibombo. Kipande hiki cha mto kinapitika kwa vyombo. Juu yetu, kule Kongolo, mawe na maporomoko yanafunga njia. Chini ya Kibombo mto unaharibika tena mpaka karibu na Kindu. Ndiyo maana wakati wa Wabelgiji walijenga reli kutoka Kindu mpaka Kongolo, iliyofika mwaka 1911, ili izunguke mahali ambapo maji yanakataa. Sisi tulikuwa na mtumbwi mrefu wenye moteri, mifuko ya mchele, madumu ya mawese, mbuzi watatu, na watu. Meli ndogo ya kwetu, kwa kusema hivyo. Wale wa Antaktika wanavaa jaketi la kuelea kila wanaposhuka kwenye maji. Katika mtumbwi wetu jaketi zilikuwa mbili, na zote mbili zilikaliwa kama mito. Wamama, tuseme juu ya hili katika mikutano yetu, kwa maana tunaopanda na watoto mgongoni ni sisi.

Mwenye kuongoza alikuwa mzee wa Wagenya, watu ambao mto ni shamba lao tangu wazee wa wazee. Nilimweleza ninachotafuta. Akasema, “Madamu, kuona utaona. Kukaribia hutakaribia.” Kisha akanipa kanuni zake, ambazo hazikuandikwa na serikali yoyote. Hupiti katikati ya kiboko na maji marefu, kwa sababu maji marefu ndiyo nyumba yake na akiogopa atarudi nyumbani kwa kukupitia. Hupiti karibu na mama mwenye mtoto. Huzimi moteri ghafla, wala huiongezi nguvu ghafla. Na mtu asisimame ndani ya mtumbwi, hata kwa picha. Nilikumbuka mita 5 na mita 300 za wenzetu. Mzee huyu hakupima kwa mita, lakini alijua umbali.

Kiangazi maji yalikuwa yamepungua na mchanga umetokea. Siku ya kwanza tuliwaona viboko wanne, mbali. Katika picha yangu ni madoa meusi tu, kama mawe. Niliweza kupiga vizuri tai wa mto, yule mwenye kichwa cheupe, akiwa juu ya mti mkavu na samaki miguuni. Mamba mmoja alikuwa amelala na kinywa wazi, akateleza majini kabla sijatoa telefoni mfukoni. Jioni kasuku walivuka mto kwa makundi, wakipiga kelele kama watoto wanaotoka shule. Nilihesabu mpaka nikapotea. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akasema kwamba alipokuwa msichana, kelele hiyo ilikuwa inazuia watu kusikilizana.

Tulilala Nyangwe. Sina budi kusimama hapo kidogo. Zamani Nyangwe ilikuwa na soko kubwa kando ya maji, na waliolifanya soko hilo walikuwa wanawake. Walikuja kwa mamia, kutoka pande mbili za mto, na samaki, vyungu, kuku, chumvi na mawese. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa watumwa walianza kuwapiga risasi katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, wengi wakafa majini. Mskoti David Livingstone alikuwa hapo, aliona kwa macho, akaandika. Hesabu aliyopewa ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Maandishi yake yalipofika Ulaya yaliwashtua watu, na yalisaidia wale waliokuwa wanadai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe. Lilifungwa mwaka 1873. Hakuna picha ya siku ile. Kulikuwa na shahidi mmoja na karatasi yake. Nilisimama kando ya maji asubuhi, wanawake wakipakua samaki, na nikafikiri jinsi kitu kilichoonwa na kupelekwa mbali kinavyoweza kufanya kazi kubwa.

Lakini kazi hiyo haiendi kila mara upande mmoja, na hapa ndipo safari yangu ilipokuwa ngumu.

Katika mtumbwi wetu alikuwamo mama mwenye makapu mawili yaliyofunikwa kwa majani. Harufu ya moshi ilinieleza yaliyomo. Walikuwa kima waliokaushwa. Aliniona nikiinua telefoni kupiga picha ya ukingo wa mto, akaweka mkono juu ya kapu.

“Madamu, piga maji. Piga ndege. Kapu langu liache.”

“Mama, sikukusudia kulipiga.”

“Najua. Lakini picha ikishatoka, haimuulizi mtu anakula nini kwake.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Binti yangu yuko sekondari. Kapu hili ni minervali yake.”

Sikupiga. Tulizungumza mpaka Kibombo. Alinieleza kwamba shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na mume wake ameondoka kwenda machimbo na hatumi kitu. Alisema pia, bila mimi kuuliza, kwamba wawindaji wanaomuuzia wanakwenda sasa siku nyingi zaidi porini na wanarudi na wanyama wadogo zaidi. “Ninaona kwa kapu,” alisema. “Zamani wanne walilijaza.”

Wamama, watu wa Antaktika wana kazi rahisi katika jambo moja. Kule hakuna wenyeji. Ukikataza watu kumkaribia pengwini, hakuna mama anayelala njaa. Kaskazini ni tofauti. Huko wanaishi Wainuiti, wa Kanada na wa Greenland, na chakula chao tangu zamani ni sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha watoto wake. Nyama wanakula, ngozi wanavaa na kuuza. Miaka ya 1970 picha za watoto weupe wa sili wakipigwa marungu na wawindaji wa mashariki ya Kanada zilizunguka dunia. Watu walilia. Mwaka 1983 nchi za Ulaya zilifunga mlango kwa ngozi za watoto wa sili. Wainuiti hawakuwa wanawinda watoto hao. Lakini mnunuzi wa mbali hakutofautisha ngozi na ngozi, bei ikaanguka, na nyumba nyingi zikapoteza pesa yao. Mwaka 2009 Ulaya ilipotunga sheria nyingine kali zaidi, iliwaachia Wainuiti nafasi, lakini soko lilikuwa limekwisha kuharibika. Picha zile ziliwaokoa wanyama wengi kweli. Pia ziliwaumiza wamama ambao hawakuonekana ndani yake. Mama wa makapu hajasoma habari hiyo, lakini aliijua.

Je, tuseme basi tuache wanyama waishe? Hapana. Nawaomba tufikiri kama wazazi. Katika zahanati tunafundishwa kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto. Wanyama wengine wana nafasi yao waliyopewa. Tembo anabeba mimba miezi 22. Bonobo anazaa mtoto mmoja, na anakaa karibu miaka 5 kabla ya kuzaa mwingine. Sokomutu wa upande wetu ni hivyo hivyo. Kima wengi wanazaa mtoto mmoja kwa mara moja. Ukimuua mama mmoja, huwezi kumrudisha kwa mwaka mmoja wala miwili. Ndezi, yule panya mkubwa wa mashamba, anazaa kadhaa kwa pamoja na kukua upesi. Kwa hiyo nyama zote si sawa, hata kama bei sokoni ni moja.

Na tulicho nacho hakipatikani kwingine. Mto huu wenyewe ni mpaka. Bonobo wanaishi ng’ambo, upande wa kushoto wa Lualaba na Kongo. Sokomutu wako upande wa kuume, upande wetu. Watu wa sayansi wanasema maji haya yamewatenga zaidi ya miaka milioni moja. Bonobo, okapi na tausi wa Kongo hawaishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa yetu. Tausi huyo alijulikana kwa vitabu vya wazungu mwaka 1936 tu, baada ya James Chapin kuona unyoya wake mwaka 1913 katika kofia ya mtu na kukaa miaka zaidi ya 20 akijiuliza ni wa ndege gani.

Habari nyingine inanipendeza zaidi, kwa kuwa ni ya mwalimu mwenzangu. Mwaka 2007, katika mji wa Opala, mkoa wa Tshopo, watafiti walimkuta kima mdogo amefungwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Mtoto wa kike wa nyumba hiyo ndiye aliyekuwa anamtunza. Alikuwa na uso kama wa mtu na manyoya marefu ya rangi ya dhahabu shingoni. Waliuliza jina, wakaambiwa lesula. Halikuwamo katika kitabu chochote. Baada ya kazi ya miaka, mwaka 2012, dunia ya sayansi ilimpokea kama kima mpya. Kwa wenyeji hakuwa mpya hata kidogo. Walikuwa na jina lake. Mwaka 2016 serikali iliunda Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kilomita za mraba 8.879, katika Tshopo na katika Maniema yetu. Huko watafiti wanafunga kamera kwenye miti na kuondoka. Mnyama akipita, kamera inapiga yenyewe. Hakuna mtu anayemkimbiza, na hakuna kapu la mama linaloingia katika picha.

Kutoka Kibombo nilirudi na picha 31 zinazofaa. Viboko wenye madoa nimewaacha humo, kwa sababu watoto walifurahi kuwatafuta. Nimezionyesha darasani, na wanafunzi wameanza orodha mpya: jina la mnyama kwa Kiswahili, na jina lake kwa Kikusu, Kibangubangu, Kizimba, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Safari hii hakuna nafasi ya bei kwenye orodha.

Ninayo maombi matatu kwa vikundi vyetu.

La kwanza, kwa wenye telefoni. Mkipiga picha katika safari, ombeni kwanza ruhusa ya mtu na ya kapu lake. Kaeni mbali na mnyama, hasa mwenye mtoto. Mkimwona tembo, sokomutu au kiota cha kasuku, msitangaze mahali penyewe. Picha inayotaja mahali inamwongoza pia mwenye bunduki.

La pili, kwa likelemba zetu. Napendekeza kila kikundi kitoe zamu moja au mbili kwa mwaka kwa mama anayetaka kupunguza biashara ya kima, aanze kwa samaki wa kukausha, bata au simbiliki, wale wa kufuga jikoni. Sitawadanganya: mwanzoni simbiliki hawalipi kama kapu lile. Mama huyo atahitaji zaidi ya zamu moja, na atahitaji wanunuzi, yaani sisi. Nilimuuliza yule wa mtumbwini kama angekubali. Alisema angekubali kama minervali ya muhula wa kwanza ingekuwa imekwisha kulipwa. Ni jibu la mtu anayejua hesabu, na napenda tulijadili jinsi lilivyo.

La tatu ni rahisi. Jioni, mkiwa mnachambua sombe au mchele, waulizeni bibi na babu majina ya wanyama waliowaona wakiwa hai, wapi na mwaka gani kwa kukadiria, na sauti zao zilikuwaje. Andikeni, au mwambieni mtoto anayesoma aandike. Mlete karatasi hizo siku ya mkutano na kumpa katibu wa kikundi. Tutazitoa hapa juma kwa juma, kwa majina ya wanyama na ya vijiji vya zamani, bila kutaja mahali walipo sasa.